Kicheko cha Kwanza na Kicheko cha Pili

Mchezo wa kuchekesha ukipendwa, mtungaji wake hutakiwa kutoa wa pili. Ombi hilo ni la heshima, lakini lina hatari ndani yake, kwa sababu watazamaji hawajui kukitaja wakitakacho. Husema wataka kumwona tena mtu yule yule, hali walichokipenda hasa ni jambo ambalo mtu yule aliwafunulia. Akirudi bila ya jambo, amerudi mikono mitupu. Ushahidi wa neno hili ni sinema mbili za Jamie Uys wa Afrika Kusini, ziitwazo "The Gods Must Be Crazy". Ya kwanza ilitolewa mwaka 1980, ya pili mwaka 1989.

Wengi katika Afrika ya Mashariki waijua ya kwanza. Chupa tupu ya Coca-Cola yaanguka kutoka katika ndege mpaka Kalahari, penye jamaa moja ya Wasani. Chupa ile ina faida nyingi, lakini ni moja tu. Watu waliozoea kugawana kila kitu waona kwa mara ya kwanza kitu kisichogawanyika, na ugomvi waanza. Basi Xi, aliyechezwa na N!xau, ashika njia kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Kila mkasa wa safari ile wafuata shina moja. Hata anapofungwa kwa sababu ya mbuzi aliyempiga mshale, twacheka na kufikiri pamoja: kwa Xi mnyama ni chakula cha wenye njaa, kwa wenzake mnyama ana mwenyewe.

Sasa tuitazame ya pili. N!xau yule yule arudi kwa jina la Xixo. Watoto wake wawili wachukuliwa, bila ya kukusudiwa, na gari la majangili, naye afuata nyayo zake kwa miguu. Kando yake wako mwanamke mwanasheria kutoka New York na mtaalamu wa wanyama, waliopotea nyikani kwa kuanguka na ndege ndogo. Tena wako askari wawili wa pande zinazopigana, wanaotekana kwa zamu.

Msiba wa baba aliyepotewa na watoto ni mzito kuliko chupa. Lakini uzito huo haukutumiwa. Umekuwa uzi wa kutungia mikasa ambayo ingeweza kutokea katika sinema yoyote. Nyegere ang'ang'ania kiatu cha mtaalamu, nasi twacheka. Akiachia, hakuna kilichobaki moyoni. Pahali pamoja tu kicheko cha zamani chafufuka: mtoto mdogo anyemelewa na fisi, naye aweka kipande cha mti juu ya kichwa ili aonekane mrefu. Hapo pana hofu, akili na utoto kwa pamoja. Sinema nzima ingaliweza kuwa hivyo.

Haifai kusema kuwa kicheko hakirudiwi. Katika hadithi za Abunuwasi iko ile ya sufuria. Aazima sufuria kwa jirani, airudisha pamoja na ndogo, akisema imezaa. Jirani apokea kwa furaha. Aazima tena, na safari hii hairudishi: imekufa. Jirani aliyekubali uzazi hana budi kukubali kifo. Kicheko cha pili ni kikubwa kuliko cha kwanza kwa kuwa kimezaliwa nacho. Hicho ndicho kipimo cha haki kwa kila mchezo wa pili: je, wamdai mtazamaji kitu alichokikubali katika wa kwanza? Sinema ya mwaka 1989 haidai kitu. Mtu aliyekwisha ona jela, barabara na gari amerudishwa nyikani kama kwamba hakupata kutoka.

Sisi wa Makutupora, kaskazini ya Dodoma katika njia ya Kondoa, tuna sababu zetu za kuipima sinema hii kwa makini. Mbele katika njia hiyo, upande wa Chemba na Kondoa, wako Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko kama lugha ya N!xau. Wao ni wakulima na wafugaji, na watoto wao huenda shuleni. Hapana awaonaye kuwa watoto wa zamani wasioijua dunia. Tena mashariki ya Dodoma iko Kongwa, ambapo tangu mwaka 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa kusini, SWAPO na ANC miongoni mwao. Katika sinema ya kwanza waasi wenye bunduki ni wapumbavu watupu. Katika ya pili vita imekuwa mchezo wa kukamatana. Mara ya kwanza chupa ilituvuta macho tusiulize. Ilipoondolewa, mifupa ya mzaha ikaonekana, nasi tukauliza ni nani aliyechekwa, na kwa faida ya nani.

Na kisa cha kweli kilikuwapo tayari. Mwaka ule ule wa 1980, John Marshall alionyesha katika sinema yake ya habari juu ya N!ai jinsi Wasani wa Tsumkwe, Namibia, walivyokuwa wakiishi: katika makao ya serikali, wakila unga wa mgawo, na fedha imeingia kati yao na kuwagombanisha. Hayo ndiyo mambo ya chupa, lakini chupa isiyoweza kutupwa. N!xau, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa mtu wa nchi hiyo. Mtungaji alikuwa na mchezaji aliyejua safari ya pili ya Xi kwa maisha yake mwenyewe, akampa kazi ya kufuata gari. Hasara hiyo ndiyo tunayoililia, maana N!xau aweza kutuchekesha hata pale ambapo hakupewa neno la kusema.