Kufuta, Kupangusa na Kubonyeza: Uhakiki wa Lugha ya Kutunzia Vitufe vya Simu

Kazi ya kusanifu istilahi haikamiliki neno linapoandikwa katika orodha. Hukamilika pale neno hilo linapomwongoza sawasawa mtu ambaye hakuwamo katika kikao kilicholipitisha. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yatumikayo katika maelekezo ya kusafisha na kutunza vitufe vya simu ya mkononi nyumbani. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mwananchi ambaye kitufe cha simu yake kimenata huweza kuandika tarakimu moja mara mbili bila kukusudia, na anayekosea namba ya siri ya kadi ya simu mara tatu hufungiwa kadi hiyo.

Mji wa Itigi, mkoani Singida, ni mahali pafaapo kwa kipimo hiki. Mji huu uko kando ya Reli ya Kati, baina ya Manyoni na Tabora, katika nchi kavu ambayo mvua zake hunyesha msimu mmoja tu, takriban Novemba hadi Aprili. Miezi iliyosalia ni ya vumbi, na eneo hilo lina machimbo ya jasi, madini laini yanayosagika na kuwa unga. Vumbi likichanganyika na jasho la vidole hugandamana pembeni mwa vitufe. Aidha, Wagogo, Wakimbu, Wanyaturu na Wasukuma hukutana hapo, na wengi wao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Neno lenye utata halina pa kujificha mahali kama hapo.

Tuanze na jina lenyewe. Neno "kitufe" limetokana na "tufe", nalo limekubalika, ingawa mitaani "batani" na "swichi" bado yanasikika. Hatuna ugomvi na jina hili. Upungufu wake ni kwamba linataja kile tu kinachoguswa na kidole. Katika simu ndogo, ile iitwayo "kitochi", chini ya raba ya kitufe kuna kibati chembamba kilichobinuka. Kibati hicho kinapobonyea hugusana na shaba iliyo chini yake na kukamilisha njia ya umeme. Kidole kikiondoka, hurudi juu. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003, ilipewa vitufe vilivyotengenezwa kuzuia vumbi, kwa kuwa watengenezaji walijua kuwa vumbi likipenya hadi kwenye mgusano huo, kitufe hufa. Maelekezo yanayosema "safisha kitufe" hayamwambii msomaji kama anatakiwa kusafisha raba, kibati au shaba. La kwanza ni kazi ya nyumbani. Mawili ya mwisho ni kazi ya fundi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika vitenzi. Kiswahili ni tajiri mno katika uwanja wa usafi. Jamvi hukung'utwa, jasho hupanguswa, ubao hufutwa, sufuria husuguliwa, meno huchokolewa, nguo hufuliwa na kusuuzwa. Kila kitenzi kina chombo chake, nguvu yake na mwendo wake wa mkono. Mtafsiri anayeviacha vyote na kuandika "safisha" kila mahali amemnyima msomaji maelekezo yenyewe. Simu yaweza kupanguswa na pembe zake zikachokolewa, ikisuuzwa, huharibika. Neno "safisha" linaruhusu yote matatu.

Pamoja na hayo, baadhi ya vitenzi hivi vimekwisha kuazimwa na shughuli za ndani ya simu. "Futa" sasa ni kuondoa ujumbe, picha au taarifa zote. Nalo "pangusa" limepata maana ya kupitisha kidole juu ya kioo, hata watu husema "simu ya kupangusa" ili kuitofautisha na "simu ya kubonyeza". Tuchukue sentensi ya mfano: "Futa simu yako mara kwa mara." Mwenye kitambaa mkononi ataelewa jambo moja, mwenye orodha ya mipangilio mbele ya macho yake ataelewa jingine, naye aweza kupoteza majina, picha na kumbukumbu asizoweza kuzirudisha. Vivyo hivyo, "pangusa kioo" humwacha msomaji akijiuliza kama anaambiwa aondoe vumbi au afungue simu.

Kuna watakaosema kuwa muktadha huondoa utata wa namna hii, na kwamba "futa" limebeba maana nyingi tangu zamani: tunafuta machozi, deni na kesi. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, muktadha humsaidia yule anayekijua chombo tayari. Maelekezo huandikwa kwa ajili ya asiyekijua, na kumtaka ategemee ujuzi anaoutafuta ni kumzungusha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, "futa" litumike kwa taarifa, nalo liandamane daima na kitajwa chake: futa ujumbe, futa picha. Pili, "pangusa" libakie na maana yake ya asili ya kitambaa, na tendo la kidole juu ya kioo liitwe "telezesha kidole", kama ambavyo tafsiri kadhaa za simu zimekwisha kufanya. Tatu, "bonyeza" litumike kwa kitufe kinachobonyea kweli, na kioo kiwe cha "kugusa". Pale kidole kinapotakiwa kukaa, iandikwe "bonyeza na ushikilie". Nne, hali za kitufe zitajwe kwa usahihi: kisichobonyea, kinachobonyea bila kurudi, na kinachobonyea na kurudi bila kuitikiwa na simu. Cha kwanza na cha pili aghalabu kina uchafu pembeni. Cha tatu kinamhitaji fundi.

Tuyajaribu mapendekezo hayo katika maelekezo kamili:

"Zima simu, na ikiwa betri yake hutoka, itoe. Inamisha simu vitufe vikitazama chini, kisha ikung'ute taratibu. Pitisha mswaki laini na mkavu kuzunguka kila kitufe. Chokoa uchafu uliogandamana kwa kijiti cha meno, usitumie sindano. Pangusa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 70. Usimimine spiriti juu ya simu, wala usitumie dawa ya kuondoa madoa ya nguo. Acha ikauke kabisa ndipo uiwashe. Bonyeza kila kitufe na uone kama kinarudi."

Hakuna neno geni hapo isipokuwa jina la spiriti, wala hakuna lililohitaji kubuniwa. Mama wa Itigi anayejua kukung'uta jamvi na mwanafunzi anayejua kuchokoa meno wamekwisha kuyajua maelekezo haya kwa nusu. Yatupasa sisi watafsiri, walimu na watumishi wa umma tuwaachie vitenzi vyao viseme, na kabla ya kuandika "safisha" tujiulize mkono wa msomaji utafanya nini.