"Chungu Wanaoruka": Istilahi Isiyolenga

Miongoni mwa istilahi zinazojitokeza katika tafsiri za maandishi ya biolojia imo hii ya "chungu wanaoruka". Wanaoitumia wanakusudia chungu wakaao mitini ambao, wakianguka, hujielekeza hewani na kurudi shinani. Makala haya yanadai kwamba istilahi hiyo haifai, na kwamba Kiswahili kinalo neno lililo karibu zaidi na jambo lenyewe.

Hatuna budi kukitazama kwanza kitu chenyewe. Mwaka 2005 Stephen Yanoviak, Robert Dudley na Michael Kaspari walieleza katika jarida la Nature tabia ya chungu mweusi wa misitu ya Amerika ya Kusini, Cephalotes atratus. Mtendakazi wa aina hiyo hana mbawa. Akipukutishwa kutoka tawini, huanguka kwanza wima. Kisha hujigeuza hata tumbo likaelekea shina. Ndipo hushuka kwa mshazari, kinyumenyume, akalinasa shina la mti ule ule na kuanza kupanda. Walio wengi hufanikiwa. Asiyefanikiwa huishia chini, mbali na wenzake, penye maadui au maji ya mafuriko. Mwaka 2008 tabia kama hiyo ilielezwa kwa chungu wa Gabon wa jenasi ya Cataulacus, jenasi yenye spishi zake Afrika ya Mashariki pia. Jambo hili, basi, si la ng'ambo tu.

Sasa turudi kwenye "kuruka". Mwanafunzi wa Wete au Chake Chake akiulizwa ni chungu gani arukaye, atawataja wale wenye mbawa, madume na majike, watokao baada ya mvua. Mwingine atataja kumbikumbi, ambaye kwa hakika ni wa jamii ya mchwa. Nafasi ya jina hilo imekwisha kukaliwa. Tena kosa lenyewe si dogo, maana ajabu yote ya mdudu huyu ni kwamba anaiongoza safari yake hewani bila ya mbawa, na ndiyo sababu wanaochunguza asili ya kuruka kwa wadudu wanamtazama kwa makini. Istilahi inayompa mbawa inaua somo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Chanzo cha kosa ni kufasiri jina badala ya kitu. Popo mkubwa wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, asiyepatikana penginepo duniani, Waingereza wamemwita mbweha arukaye. Hakuna aendaye Kidike kutazama mbweha. Watu huenda kutazama popo. Wavuvi nao walipomwona samaki achupaye juu ya maji walimwita panzi, wala hawakungoja kamati.

Yapo maneno kadhaa ya kupimwa. "Kuelea" hakuonyeshi kwamba mdudu anashuka, tena kwa kasi. "Kupeperuka" ni kuchukuliwa na upepo bila ya hiari, kinyume kabisa cha tunachokitaka. "Kunyiririka" ni neno zuri, lakini lanukia nyoka na ardhi. Kwangu mimi linalosimama ni "kuserereka": lina mteremko ndani yake, lina wepesi, na halidai mbawa. Pungufu lake ni moja, kwamba aserereka­ye huenda hajiongozi. Hilo hutibiwa kwa kuongeza neno. Hivyo tabia iitwe "mserereko wa kujielekeza", na mdudu mwenyewe "chungu mserereki".

Hata hivyo pendekezo hili lisipitishwe mezani tu. Utaratibu wa BAKITA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ni kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kabla ya kubisha hodi kwa wageni. Kwa Kipemba hatua hiyo ya kwanza hurukwa mno. Wachumaji wa karafuu wanaishi na chungu wa mitini kila msimu. Wanamjua majimoto, ashonaye majani kwa nyuzi za hariri za mabuu wake, ambaye M. J. Way alimchunguza Zanzibar katika miaka ya 1950. Wanajua pia, kwa mikono na shingo zao, namna anavyodondoka tawi likitikiswa. Majimoto si katika wale niliowataja juu, lakini mtu aliyekwisha kumpukuta mwilini akiwa juu ya mkarafuu ana msamiati wa kuanguka, kushika na kupanda ambao haumo katika majalada yetu. Aulizwe.

Limebaki suala la "chungu" na "sisimizi". Bara wengi hupendelea la pili liwe jina la jumla. Pemba chungu ndiye wa jumla. Wako wanaohofia kwamba "chungu" litachanganywa na chombo cha kupikia au na ladha ya shubiri. Hofu hiyo haina uzito, kwa kuwa upatanisho wa kisarufi hutenganisha: chungu kimevunjika, chungu ameanguka. Iwapo kamati itaamua vingine, "mserereki" halitaathirika. Kitakachobadilika ni neno la mbele tu.