Njia Isiyo na Mlima

Chukua ramani ya Bahari ya Hindi, weka rula kwenye Rasbura, pale ufukweni mwa mji wa Lindi, kisha chora mstari kwenda mashariki bila kuupandisha wala kuushusha. Mstari huo unafuata takriban latitudo ya 10 kusini. Utapita kaskazini ya Ngazija na mlima wake wa Karthala wenye mita 2,361. Utapita kaskazini ya Rasi ya Ambre, ncha ya juu kabisa ya Bukini (Madagaska), iliyo karibu na latitudo ya 12. Utakaribiana na Astove na Farquhar vya Shelisheli, halafu Agaléga ya Morisi, visiwa vya matumbawe vilivyoinuka mita chache tu juu ya maji. Baada ya hapo ni bahari tupu kwa masafa marefu.

Naanza na rula kwa sababu pwani ya kusini kuna maneno ambayo kila mtu anayasema: Bukini inatukinga. Maneno hayo si ya kupuuza. Kisiwa kina urefu wa kilomita 1,600 hivi, na kaskazini kimebeba milima ya Tsaratanana ambako kilele cha Maromokotro kinafika mita 2,876. Vimbunga vingi vinavyotoka mashariki hujigonga hapo. Lakini ngao ina mahali inapoishia, na Lindi iko nje ya ukingo wake. Wanaoujua ukingo huo kwa undani ni watu ambao hatuwaoni: wachambuzi wa hali ya hewa wa Dar es Salaam, na wenzao wa kituo cha kanda kilichoko kisiwani La Réunion, kinachoendeshwa na Météo-France. Ufundi wao ndio ninaotaka kuutazama hapa, hasa ile sehemu yake ngumu kuliko zote, yaani kusema kimbunga kitabaki na nini baada ya kugusana na mlima.

Kimbunga huishi kwa mvuke wa bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi. Mvuke ukipanda na kurudi kuwa maji hutoa joto, joto hilo huinua hewa zaidi, mgandamizo wa kitovuni hushuka, na upepo wa chini hukimbilia ndani. Kikipanda nchi kavu, hukatiwa mvuke. Nchi tambarare huishia hapo, ikiongeza kidogo msuguano wa miti na nyumba. Mlima hufanya zaidi. Upepo wa chini, ambao ndio uliobeba mvuke, hugonga mteremko. Sehemu yake hupanda na kumwaga mvua palepale, sehemu hutafuta njia ya kuzunguka, na ule unaofaulu kuvuka kilele hushuka upande wa pili ukiwa mkavu tena wenye joto. Hewa hiyo kavu ikivutwa mpaka kitovuni, ukuta wa mawingu unaolizunguka jicho huanza kubomoka. Hapo ndipo hutokea jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote. Mnara wa mawingu wa kimbunga hufika kilomita 15 kwenda juu, na mlima wa mita 2,000 unazuia sehemu ya chini tu. Kwa hiyo mguu wa kimbunga unaweza kukwama huku kichwa kikiendelea na safari.

Anayetazama kwa setilaiti anaona kichwa.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni ufundi wa macho. Katika Atlantiki, Marekani hurusha ndege mpaka ndani ya vimbunga zikapime upepo na mgandamizo. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hakuna utaratibu huo. Mchambuzi ana picha, na njia iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970: kulinganisha umbo la mawingu, kujikunja kwake, ukubwa wa jicho na ubaridi wa vilele vinavyolizunguka, kisha kukipa kimbunga alama kuanzia 1 hadi 8. Kutokana na alama hiyo hukadiria kasi ya upepo ambao hakuna mtu aliyeupima. Watu wawili wanaweza kuitazama picha moja wakatofautiana nusu alama, na nusu alama ni tofauti ya kuezuliwa vipande vichache vya bati au paa zima.

Juu ya bahari njia hiyo hufanya kazi vizuri. Kimbunga kikiwa juu ya Bukini inaanza kudanganya, maana ilitengenezwa kwa ajili ya bahari. Mawingu ya juu bado yanazunguka kwa mpangilio mzuri, picha inapendeza, wakati chini mzunguko umeshachanika mabondeni. Basi mchambuzi huacha kuipenda picha. Hutafuta barometa: Sambava upande wa mashariki, Antsiranana kaskazini, Mahajanga magharibi. Hutafuta picha za maikrowevu, zinazopenya mawingu ya juu na kuonyesha mvua ilivyojipanga chini, ingawa setilaiti za aina hiyo hupita mara chache na huenda isipite hata moja wakati inapohitajika. Katikati ya habari hizo chache huweka nukta na kusema: kitovu kiko hapa.

Halafu hesabu. Kimbunga kinachokwenda kilomita 20 kwa saa kikipita mahali ambapo kisiwa kina upana wa kilomita 400, kitakaa nchi kavu saa 20. Ni muda mrefu kwa kitu kinachoishi kwa maji. Kikipita karibu na ncha ya kaskazini, ambako kisiwa ni chembamba, saa hizo huwa chache sana. Kitatokea upande gani wa magharibi? Mahali penye maji ya joto kiasi gani? Upepo wa juu unakwenda sawa na wa chini au unavuma kwa mwelekeo tofauti na kukipindua? Jibu la kila swali linabadilisha jibu la swali linalofuata, na taarifa inapaswa kutoka kila baada ya saa sita, jibu liwepo au lisiwepo.

Vimbunga vilivyovuka na kufufuka vinajulikana. Eline, Februari 2000, kilipita katikati ya Bukini kikadhoofu, kikaingia Mlango wa Msumbiji, kikala joto la maji yake na kupiga pwani ya Msumbiji karibu na Beira tarehe 22, nchi ikiwa tayari imejaa mafuriko. Freddy, mwaka 2023, kilivuka kisiwa Februari 21, kikaingia Msumbiji siku tatu baadaye, kikarudi baharini na kupiga tena karibu na Quelimane Machi 11. Mvua zake za mwisho ziliua watu zaidi ya elfu moja Malawi, nchi isiyo na bahari. Karibiani, watabiri wanaihofu Hispaniola kwa namna hiyohiyo. Kimbunga David cha 1979 kilipanda milima ya huko, yenye zaidi ya mita 3,000, kikiwa cha daraja la tano na kikashuka upande wa pili kikiwa dhaifu kabisa. Siku chache baadaye kilikuwa Florida, kikiwa kimejijenga tena.

Visiwa vidogo vyenye mlima ni kisa kingine, na hapa ndipo nadhani watu wengi hukosea kwa kuamini kwamba mlima ni mlima. Kisiwa kinachoweza kufunikwa chote na ukuta wa jicho hakikikatii kimbunga mvuke, kwa sababu bahari imekizunguka pande zote. Tarehe 14 Desemba 2024, Chido kilipita juu ya Maore (Mayotte), yenye vilima visivyofika mita 700, na kuibomoa. Siku ya pili kilikuwa Mecúfi, Cabo Delgado, bado kikiwa na nguvu. Alama kubwa ambayo kisiwa kama hicho huiacha haiko kwenye upepo, iko kwenye mvua. La Réunion yenyewe, walipo watabiri wetu wa kanda, ina Piton des Neiges yenye mita 3,070. Mwaka 2007 kimbunga Gamede, bila kitovu chake kugusa kisiwa, kilimwaga pale Cratère Commerson zaidi ya milimita 3,900 kwa siku tatu. Watu wanaoandika taarifa kuhusu milima na vimbunga wanaishi kwenye kisiwa cha milima kinachoshikilia rekodi za dunia za mvua. Sidhani hilo halina mchango katika umakini wao.

Sasa turudi kwenye rula. Kenneth, Aprili 2019, kilipita kaskazini ya Bukini, kikapita kando tu ya Ngazija kwa upande wa kaskazini usiku wa kuamkia tarehe 25, Karthala ukakosa kukigusa jichoni, na siku hiyo kikaingia Cabo Delgado kikiwa miongoni mwa vimbunga vikali kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa Msumbiji. Mtwara ilikuwa jirani tu. Jobo, Aprili 2021, kilifuata njia hiyohiyo na kufa kabla ya kufika. Hidaya kilifika pwani ya Mafia na Kilwa Mei 4, 2024. Hakuna kati ya hivyo vitatu kilichodhoofishwa kwa kuvuka milima ya Bukini. Jobo na Hidaya vilimalizwa na hewa kavu na upepo wa juu uliovuma kinyume na wa chini, vitu ambavyo havionekani kwenye ramani ya ukutani na ambavyo mvuvi hawezi kuvionyesha kwa kidole.

Tazama pia tarehe zake. Kimbunga kilichoivunja Unguja na kuangamiza mikarafuu na merikebu za Sultani Barghash kilikuwa Aprili 15, 1872. Kilichoipiga Lindi kilikuwa Aprili 15, 1952. Kaskazi imeshakwisha, kusi inaanza, na mistari ya njia za vimbunga imesogea juu, karibu zaidi na latitudo zetu. Chido cha Desemba kinatukumbusha kutoikariri kalenda, lakini mchambuzi wa Tanzania anayeongeza umakini baada ya Pasaka ana sababu.

Kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa katika zile siku za Hidaya naipa heshima kwa jambo moja hasa. Taarifa zilitoka mfululizo, kila moja ikisema kimbunga kiko umbali gani na kitafanya nini, safari za boti za Unguja zikasitishwa, na usiku wa tarehe 4 wakatangaza wazi kwamba kimepoteza nguvu. Kutangaza hivyo kuna hatari zake. Msikilizaji akisikia nguvu zimeisha hufungua mlango, kumbe upepo ndio ulioisha na maji bado yako njiani. Barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga, kwa mafuriko. Ukihesabu mwezi, bahari siku hizo ilikuwa haijafika bamvua, siku nne kabla ya mwezi mpya. Kimbunga kilekile kikifika wakati wa bamvua, taarifa ya Rasbura na Kilwa Kivinje ingepaswa kuandikwa upya kuanzia sentensi ya kwanza, na wachambuzi wanalijua hilo kiasi kwamba jedwali la maji kujaa na kupwa huwa mezani pamoja na picha za setilaiti.

Kimbunga kikishakufa na magazeti yakishahamia kwingine, watabiri wa La Réunion hukirudia tena. Hukipitia saa sita baada ya saa sita, wakiwa na vipimo vilivyochelewa kufika na picha ambazo siku ile hazikuwepo, na kuichora njia yake upya. Nukta husogezwa, upepo uliokadiriwa hupandishwa au kushushwa. Kwa vile vilivyotangulia setilaiti, kikiwemo cha Lindi cha 1952, malighafi ni barometa za bandarini, madaftari ya meli na mahali ambapo paa la mtu lilikutwa asubuhi.