Karabai ya Singida na Bei ya Mng'aro

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la karabai za kale methali hiyo imepinduka: kibaya kilichosuguliwa ndicho kijiuzacho, na kizuri kimelala stoo kikila vumbi.

Mkoani Singida, kabla ya umeme kufika vijijini, karabai ilikuwa taa ya shughuli. Kibatari kilitosha chumbani na chemli ilitosha njiani; lakini harusi, ngoma na duka la usiku vilihitaji ule mwanga mweupe uvumao. Mkaazi wa visiwani naye aijua, kwani ndiyo iliyowavuta dagaa usiku wa kiza. Leo taa hizo huondoka majumbani kwa njia mbili: kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, aipimaye kwa kilo, au kwa muuza vitu vya kale, aiuzaye kwa hadithi.

Hadithi hiyo yafaa ihakikiwe kama shairi lihakikiwavyo. Kwanza, madini yake. Shaba ya manjano haivutwi na sumaku. Tangi likinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Ila karabai nyingi za Ujerumani zilitoka kiwandani zikiwa nyeupe, shaba ikiwa imevikwa nikeli. Hivyo umanjano uwatiao wanunuzi tamaa pengine ni ushahidi kuwa taa imechunwa ngozi yake ya asili.

Pili, vina vyake. Petromax namba 829 ni taa ya mishumaa 500. Ikivikwa kichwa cha taa ndogo, kina kimevunjika. Jina peke yake halitoshi: lilianzia kazi ya Max Graetz mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na lingali likitiwa kwenye taa mpya.

Tatu, majeraha yake. Ufa wa tangi hushusha bei kwa haki, maana taa hii huishi kwa mgandamizo wa hewa. Lakini kiraka cha lehemu cha fundi wa Manyoni au Iramba si aibu. Ndicho kiitofautishacho taa iliyofanya kazi huko na ile iliyobuniwa hadithi dukani.

Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa pamoja na Mwingereza William Taylor, na thamani yake ingepungua lau yangefika bila habari za Mombasa iliyoyazaa. Karabai ni vivyo hivyo. Mwenyewe aliyeko Singida ndiye ajuaye ilinunuliwa lini, iliwaka kwenye harusi ya nani, na nani aliyeilehemu. Muuzaji mwadilifu angeiandika habari hiyo na kuilipia. Kwa desturi ya sasa, shaba hulipiwa kwa kilo, na habari, iliyo nusu ya bei mjini, huchukuliwa bure au hutungwa upya.