Nani Aliyemwua Bwana Ackroyd?

Kitabu chenyewe kilitufikia kimekwisha kuchoka. Jalada lake la manjano lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kiatu, na kurasa za mwisho, kama kumi na tano hivi, hazikuwapo. Pengine mtu alifungia karanga. Kilikuwa cha Kifaransa, maana huku Masisi na Walikale vitabu vya Waingereza hutujia mara nyingi kwa mlango wa Kifaransa. Ni kile cha Bibi Agatha Christie juu ya kifo cha tajiri Roger Ackroyd. Kilitoka Uingereza mwaka 1926, na mwaka 1927 kikatiwa katika Kifaransa, kikawa namba ya kwanza ya mfululizo uitwao Le Masque, ule wenye majalada ya manjano ambayo wengi wenu mmekwisha kuyaona.

Basi, wasomaji wapenzi, mtacheka. Kwa majuma mengi, kila Dominika baada ya Misa, waliokisoma kitabu kile (na wengine waliosimuliwa tu) walisimama nje ya kanisa wakibishana nani aliyemwua Bwana Ackroyd. Wengine walimshika mtumishi Parker, kwa kuwa hutega sikio milangoni. Wengine walimshika kijana Ralph, mwana wa kambo, kwa kuwa ana madeni naye ametoweka usiku ule ule. Na wazee wakatikisa kichwa wakasema mtoto anayehesabu urithi baba angali hai si wa kuaminiwa. Akina mama walimpenda sana Caroline, yule dada asiyetoka nyumbani lakini ajua habari zote za kijiji kabla ya wenye habari. Walisema wamjua, anakaa karibu na soko. Nakala nzima ilipopatikana, ikaonekana hakuna hata mmoja aliyepata. Sisi hatutasema hapa ni nani. Kumfunulia mtu mwisho wa kitabu cha namna hii ni kumnyang'anya chakula mdomoni.

Lakini katekista mmoja alituuliza neno ambalo hatukuweza kulijibu mara moja. Alisema: “Damu tunayo ya kutosha hapa kwetu. Mbona mwaenda kuitafuta nyingine vitabuni?” Swali hili si la kudharauliwa, nasi tumeandika karatasi hii kwa ajili yake.

Kwanza twajibu kwamba damu katika vitabu hivi ni kidogo. Mtu mmoja huuawa, tena mara nyingi kabla hatujamzoea, na kurasa mia mbili zinazofuata ni maulizo: mlango ulifungwa saa ngapi, kiti kilisogezwa na nani, kwa nini mbwa hakubweka. Raha yake ni ile ya kitendawili. Mtegaji amekupa kila kitu cha kutegulia, na ukishindwa huna wa kumlaumu. Haki hii ilitiwa katika amri kumi, mwaka 1929, na Ronald Knox, padre wa Uingereza, ambaye baadaye alitafsiri Biblia nzima kwa Kiingereza na ambaye mwenyewe aliandika hadithi za upelelezi. Katika amri zake, mwuaji sharti aonekane mapema katika hadithi, mpelelezi asimfiche msomaji dalili yo yote, na nguvu zipitazo maumbile zisiingizwe kamwe. Padre ndiye akatazaye mizimu! Alijua kwamba mahali mzimu ulipokubaliwa kuwa mwuaji, hakuna tena anayeuliza mlango ulifungwa saa ngapi.

Nasi twajua jambo hilo kuliko Waingereza. Mtu akifa ghafula kijijini, ni wangapi wanaotaka kujua alikula nini, alikuwa na homa tangu lini, nani alimwona mwisho? Mfumu huitwa, jina hutajwa, na mara nyingi jina hilo ni la bibi kizee asiye na mtoto wa kumtetea. Hapo kesi imekwisha, na mwenye kosa, ikiwa yupo, alala usingizi mwema.

Kwa Kiswahili jambo hili limekwisha kuandikwa, tena kwa uzuri. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi katika Unguja, alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa mwaka 1960. Bwana Ali, mwenye mashamba, amekutwa amekufa penye mzimu, na watu wanadhani ni kazi ya mzimu. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, hasadiki. Wajuzi wameona mara moja kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes. Lakini kwa maoni yetu kazi yake ni nzito kuliko ya Holmes, kwa maana Holmes hushindana na mwuaji peke yake, na Bwana Msa hushindana na mwuaji pamoja na hofu ya mji mzima.

Padre Brown naye lazima tumtaje, ingawa baadhi ya hadithi zake ni hotuba zaidi ya kuwa hadithi. Alitungwa na G. K. Chesterton mwaka 1910, miaka kumi na miwili kabla Chesterton mwenyewe hajawa Mkatoliki, kwa mfano wa padre aliyemfahamu kweli, John O'Connor. Katika hadithi ya kwanza mwizi Flambeau amevaa nguo za padre ili aibe msalaba wa fedha wenye vito vya buluu. Padre Brown alikuwa amekwisha kumshuku, lakini kinachomhakikishia ni kwamba mwizi yule, katika maongezi, aidharau akili ya binadamu. Naye padre aliyesoma hawezi kusema hivyo. Tena Padre Brown hafurahii kumpeleka mtu kitanzini. Flambeau ataongoka, awe rafiki yake.

Lakini ampendwaye zaidi huku kwetu ni Poirot, na sababu yake haikutujia mpaka tulipomsikiliza msomaji mmoja aliyekimbilia parokia yetu pamoja na watoto wake. Poirot ni Mbelgiji, na sisi Wakongo twaweza kununa kidogo kwa jambo hilo. Lakini aliingiaje Uingereza? Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1920, ni mkimbizi. Wadachi wameishika nchi yake katika vita vya mwaka 1914, naye anakaa nyumba moja na wakimbizi wenzake kwa hisani ya mama tajiri. Bibi Christie alikuwa ameona wakimbizi kama hao katika mji wake wa Torquay. Lugha ya wenyeji aizungumza vibaya, na watu wamwona kama kichekesho. Hao wanaomcheka ndio wasioona kitu, na yeye aliyekaa pembeni, asiye na shamba wala ukoo, ndiye aonaye yote. Msomaji yule alituambia: “Mkimbizi huangalia sana. Hana kazi nyingine.” Hatujasoma katika maandiko ya wataalamu neno juu ya Poirot linalopita hilo.

Vitabu hivi vina makosa, wala hatutayafunika. Conan Doyle, katika kitabu cha Holmes cha mwaka 1890, alimwonyesha Tonga, mtu wa visiwa vya Andaman, kama mnyama mkali, na hakuna katika kitabu kizima anayeuliza alikuwa nani huko kwao. Katika vitabu vya Bibi Christie watumishi hulia, hudanganya na kuleta chai, basi. Tena kuna kosa lililo kubwa zaidi kwa msomaji wa Masisi: kila hadithi yadhani kwamba mtu mmoja akiuawa, nchi yote itasimama. Daktari atakuja, polisi atakuja, jirani wataapa mbele ya hakimu. Je, kwetu?

Conan Doyle huyo huyo aliandika mara moja juu ya Kongo. Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya maovu ya utawala wa mfalme Leopold: watu waliolazimishwa kuleta mpira wa porini, na waliopungukiwa wakipigwa, wakikatwa mikono, wakiuawa. Alikusanya ushuhuda wa konsuli Casement, wa wamisionari, na hata wa tume aliyoituma mfalme mwenyewe. Yatupasa kukiri kwamba wengi wa wamisionari waliopaza sauti walikuwa Waprotestanti. Kwa upande wetu Padre Vermeersch, Mjesuiti, aliandika mwaka 1906 akiulaumu utawala ule. Basi katika kitabu hicho baba wa Sherlock Holmes hana kitendawili cha kutegua. Walioua wajulikana, na mahali pajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Hapo ndipo tuliporudi kwa katekista wetu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya Walikale kwenye barabara ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwamo, watu wasiopungua 387 walinajisiwa na wenye silaha. Waliofanya hivyo hawakuvaa barakoa za hadithi. Mmoja wa wakuu wao, Ntabo Ntaberi Sheka, alijisalimisha mwaka 2017. Kesi yake ikafunguliwa Goma mbele ya mahakama ya kijeshi mwezi wa Novemba 2018, na Novemba 2020 akahukumiwa kifungo cha maisha. Ilikuwa miaka kumi. Na mlango ule ulifunguka kwa sababu walioumizwa walikubali kusimama na kusema saa, mahali na majina.

Tulimwambia katekista: watu wa parokia hawakugombania kitabu kile kwa ajili ya kisu. Waligombania kurasa kumi na tano zilizopotea. Ya Ackroyd tuliyapata. Ya wengi waliozikwa katika milima hii, tangu mwaka 1993 hata leo, hatujayapata. Hakujibu, lakini aliomba kitabu.

Hakukimaliza. Mwanzo wa mwaka 2025, vita vilipoingia Masisi na baadaye Walikale, alikimbia pamoja na wengine, na kitabu kikabaki. Yeye yu mzima, ashukuriwe Mungu, naye atuuliza tena na tena habari za Ralph. Vitabu vya Bwana Msa havijatufikia hata kimoja. Nakala tuliyoisoma sisi ilikuwa ya kuazima, nayo ilirudi kwa mwenyewe Tanzania. Msomaji aliye nacho cho chote, hata bila jalada, akikabidhi kwa padre wake, kitatufikia. Twaomba tu kiwe na kurasa za mwisho.