Konserto ya Bruxelles na mpigaji wake

Katika seminari zetu neno konserto lasikiwa mara chache, na likisikiwa watu hudhani ni jina la mkutano wowote wa muziki. Sivyo. Konserto ni kazi iliyotungwa kusudi chombo kimoja kisimame mbele ya orkestra nzima: mmoja apiga, wengi wamjibu, pengine wamsaidia, pengine wampinga. Aliyezoea kuimba zaburi anajua namna hiyo, mwimbaji mmoja aanza na kundi lapokea. Lakini katika konserto yule mmoja amepewa kazi ngumu kupita wengine wote, na watu wamekuja hasa juu yake. Ndiyo sababu tumesikia mapadri wenye akili wakisema kwamba konserto ni majivuno yenye noti. Twataka kulipima neno hilo kwa kutazama konserto moja na kijana mmoja.

Kijana huyo ni Dmytro Udovychenko, mtu wa Ukraine, aliyezaliwa Kharkiv mwaka 1999. Violoni alijifunza Ujerumani, kwanza Essen katika chuo kikuu cha sanaa kiitwacho Folkwang, kwa mwalimu Boris Garlitsky, kisha Kronberg kwa Christian Tetzlaff. Mwaka 2024 alipata tuzo ya kwanza katika Mashindano ya Malkia Elisabeth kule Bruxelles, akiwatangulia Joshua Brown na Elli Choi, wote wawili wa Marekani. Konserto aliyoichagua kwa siku ya mwisho ni ya kwanza ya Dmitri Shostakovich. Sisi hatukuwa Bruxelles. Tuliisikiliza katika rekodi, si mara moja.

Wazee wa Congo walimjua Malkia Elisabeth kama mke wa Mfalme Albert, aliyetembea nchini kwetu pamoja naye mwaka 1928. Wachache walijua kwamba mama huyo alipiga violoni mwenyewe, na mwalimu wake alikuwa Eugène Ysaÿe, fundi mkubwa wa Ubelgiji. Mashindano yalianza mwaka 1937 kwa jina la Ysaÿe, vita viliyakatiza, tangu 1951 yana jina la malkia. Mshindi wa kwanza kabisa, mwaka ule wa 1937, ni David Oistrakh, mzaliwa wa Odessa. Msomaji akumbuke jina hilo, tutalihitaji.

Jambo moja la mashindano haya latupendeza kuliko tuzo zake. Wale kumi na wawili wanaofika mwisho hufungwa kwa juma moja katika nyumba ya muziki iliyo Waterloo, iliyofunguliwa mwaka 1939. Hawana simu, hawana mwalimu. Kila mmoja hupewa karatasi za konserto mpya ambayo hakuna mtu aliyekwisha kuipiga, naye lazima aijifunze peke yake katika siku hizo, kisha aende kuipiga mbele ya watu. Mseminari aliyefanya mafungo ya siku nane ataelewa mara moja. Kijana aliyefundishwa tangu utoto, ambaye kila kidole chake kimewekwa pahali pake na mwalimu, anajikuta hana wa kumwuliza. Hapo ndipo twajua kama amesoma muziki ao amesoma tu kumwiga mwalimu wake. Vyuo vingi vya muziki huwapa wanafunzi wao bora nafasi ya kupiga konserto pamoja na orkestra ya chuo, na jambo hilo ni jema. Lakini sehemu kubwa ya sifa wanazopewa siku hiyo ni za mwalimu aliyekaa katika viti vya mbele.

Mengine ya mashindano hatuyasifu vile. Sita wa kwanza hupangwa kwa namba, wengine sita hutajwa kwa utaratibu wa alfabeti, kama mbio za baiskeli ambazo zimesimamishwa katikati. Tena, hofu ya kushindwa hufanya vijana wengi wachague kazi nzito zenye kelele nyingi, Tchaikovsky na ndugu zake, siku ya mwisho. Mozart, ambaye hana pahali pa kujificha, huachwa katika duru ya kabla.

Tuje kwa konserto yenyewe. Shostakovich aliiandika katika miaka 1947 na 1948. Kabla hajaimaliza, mwezi wa pili wa 1948, chama kilichotawala kule Urusi kilimhukumu yeye na watunzi wenzake kwamba muziki wao si wa watu. Basi aliimaliza na kuiweka sandukuni. Ilikaa humo mpaka tarehe 29 ya mwezi wa kumi 1955, miaka miwili na zaidi baada ya kufa kwake Stalin, ilipopigwa kwa mara ya kwanza kule Leningrad. Aliyeipiga ni yule yule Oistrakh wa Bruxelles, na ndiye aliyeandikiwa.

Ina sehemu nne, na orkestra yake haina tarumbeta wala trombone. Shaba zake ni pembe nne na tuba moja tu. Sehemu ya kwanza ni kama mtu anayetembea usiku: violoni yaimba wimbo mrefu, nyuzi za chini zaifuata bila haraka. Hapa Udovychenko alitupendeza kwa sababu hakutafuta utamu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, karibu kavu, nasi tulingoja. Ya pili ni mchezo wa ukali, na vidole vyake vilionyesha kwamba vyaweza, tusiseme zaidi.

Moyo wa kazi uko katika sehemu ya tatu, inayoitwa Passacaglia, ni kusema wimbo mmoja wa chini unaorudiwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na juu yake yajengwa nyimbo nyingine. Kwanza vyombo vya chini vyaushika, pembe zikipiga kelele juu yao. Violoni yaingia polepole na wimbo wake wenyewe, wa huzuni. Kisha, pale juu kabisa pa nguvu, violoni yaacha uimbaji wake na kuushika ule wimbo wa chini, ule wa vyombo ambavyo hakuna anayevitazama, na kuupiga kwa nyuzi mbili pamoja. Wale wanaosema majivuno wasikilize hapo. Mtunzi amemwita mpigaji mkubwa kuchukua mzigo wa wale wa nyuma. Tunawajua waimbaji wa Misa wanaopandisha sauti kila wapatapo mstari wa peke yao. Wangesikia kijana huyu akiupiga wimbo ule sawasawa, pasipo kupamba, wangeona haya kidogo.

Halafu orkestra yanyamaza, na violoni yabaki peke yake kwa muda mrefu sana. Hiyo ndiyo kadensa, nayo yatoka katika kimya na kupanda mpaka ghadhabu. Udovychenko aliuanza ule ukimya kwa uvumilivu ambao hatukuutegemea kwa mtu wa miaka ishirini na mitano. Mtunzi alikuwa ameagiza violoni iendelee moja kwa moja kuanza sehemu ya nne. Oistrakh alimwomba aiache orkestra ianze, kusudi mpigaji apate kupangusa jasho usoni. Shostakovich alikubali. Sehemu hiyo ya nne ni ngoma ya sokoni yenye kicheko kibaya ndani yake, na kwa masikio yetu ilipigwa kwa mbio kidogo mno: kicheko kilisikika, ubaya wake kidogo.

Yapasa kusema juu ya mkono. Matokeo yalipotangazwa, mshindi alipita mbele ya waamuzi akisalimiana nao, lakini hakumpa mkono Vadim Repin, Mrusi, ambaye mwenyewe alishinda mashindano hayo mwaka 1989. Magazeti yaliandika juu ya mkono huo kuliko juu ya muziki wote. Msomaji wa Kivu hahitaji kufundishwa namna mtu anavyojisikia anapoambiwa acheke na kusalimia huku vita viko nyumbani kwao. Naye pia anajua kwamba salamu iliyonyimwa hukumbukwa muda mrefu. Sisi hatumhukumu kijana. Lakini twaona kwamba usiku wa konserto wenyewe unawashinda wabishi wa pande zote mbili. Wale wasemao Mwukraine asiguse kitu cha Mrusi, huyu alichagua Mrusi, tena kazi ambayo watawala wa Mrusi huyo waliifanya ikae sandukuni miaka saba. Na wale wasemao muziki hauna nchi wala vita, waisikilize Passacaglia ile ikipigwa na mtu wa Kharkiv, kisha waseme tena.

Mwenye kupata rekodi asianze mwanzo. Aanze na sehemu ya tatu, ahesabu ni mara ngapi wimbo wa chini unarudi, na ni chombo gani kinaushika kila mara. Akishazoea, ndipo arudi kwenye ule usiku wa sehemu ya kwanza.