Mkonge Pori wa Kivulini: Namna ya Kuutambua Ulio Bora

Chini ya migunga ya Bahi, katikati ya Tanzania, pale nyasi zinapokauka ifikapo Juni, mkonge pori hubaki kijani. Hautafuti jua. Hujikusanya kivulini na kutambaa polepole kwa shina lililojificha ardhini, na baada ya miaka hutandaza zulia zima la majani magumu. Nauona kuwa mmea wa kivulini unaolifaa zaidi eneo hili la katikati ya nchi, na inanisikitisha kuona unavyochaguliwa vibaya: mtu hufika kitaluni, akavutiwa na jani refu linalong'aa, akalipa, na mvua za Januari zikamwachia matope.

Ubora wa mkonge pori uanze kutazamwa chini. Mwombe muuzaji autoe mche kwenye mfuko, au ufukue udongo kidogo kwa kidole. Shina tambazi lililo zima ni gumu, nene, na likibonyezwa halibonyei. Likiwa laini, au likinuka uozo, uache mche huo hata kama majani yake yanapendeza, kwa sababu majani huchelewa kupata habari. Yana akiba ya maji ya kuyaweka wima kwa wiki kadhaa wakati shina limeshaoza. Kisha hesabu machipukizi. Mche wenye jani moja kubwa usio na chipukizi pembeni unaweza kukaa muda mrefu bila kutandaa, lakini mdogo wenye machipukizi mawili yaliyochongoka ni mali.

Sasa panda juu, kwenye jani. Mikunjo ya urefu si ugonjwa. Ni kiu, na hunyooka baada ya kumwagilia. Ulaini kwenye tako la jani ndio mbaya. Tazama pia ncha. Ncha ya jani ikishakatika, jani hilo halirefuki tena, nalo litabaki butu maisha yake yote. Kwa hiyo waepuke wauzaji wanaobananisha miche kama kuni, ukanunue kwa yule anayeipanga kwa nafasi.

Kuna aina nyingi, na si zote hutambaa kwa namna moja. Mwingereza N. E. Brown, aliyefanya kazi katika bustani ya mimea ya Kew, alizipanga upya katika andiko lake la mwaka 1915 chini ya jina Sansevieria. Siku hizi wataalamu wengi huziweka katika jenasi ya Dracaena. Anayetaka zulia la chini atafute zile fupi. Sansevieria parva, inayopatikana Kenya na Uganda, ina majani membamba na hutuma vikonyo vya kutambaa. Sansevieria kirkii, iliyopewa jina la John Kirk aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, hulaza majani yake karibu na ardhi, yakiwa na madoa na kingo za mawimbi. Hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa sababu madoa yake huonekana vizuri hasa katika mwanga hafifu. Yale majani marefu yaliyosimama kama mikuki ni mazuri ukutani, ila hayatandiki ardhi.

Wenye kupenda ule wa kingo za njano wawe makini zaidi. Aina hiyo ilitoka Kongo, nayo ina jina la Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea huko mwanzoni mwa karne ya 20. Ukikata jani lake vipande na kuvichomeka udongoni, vitaota, lakini watoto watatoka kijani tupu, bila njano. Njano hurithiwa pale tu mmea unapogawanywa kwa shina. Muulize muuzaji ameupataje mche. Akikwambia ni wa jani, huku akiuita wa njano, basi hajaufahamu mmea wake.

Kivuli nacho kina daraja zake. Chini ya mwembe mzito majani hurefuka, hulegea na madoa hufifia. Juani kabisa kingo huungua na rangi hupauka. Kinachofaa ni kivuli chenye vitundu vya mwanga, kama cha mgunga. Bora kuliko yote ni ule mgunga wa kandokando ya mito, Faidherbia albida, unaopukutisha majani wakati wa mvua na kuyavaa kiangazi: hutoa kivuli katika miezi ya ukame, na mwanga wakati mawingu yamefunga.

Tatizo kubwa la Bahi ni udongo. Ardhi nyeusi ya mbugani, inayofanya mpunga ustawi, hushika maji na kuyang'ang'ania. Kwa mpunga ni neema, kwa mkonge pori ni kaburi. Inua tuta lenye kimo cha mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, uchanganye udongo mwekundu na mchanga wa korongoni. Udongo wenye magadi juu uuache kabisa. Na maji uyapunguze. Mmea huu hufungua matundu yake ya kupumulia usiku, jua likishatua, ili unyevu usipotee. Umejiandaa kwa kiangazi kuliko sisi. Kumwagilia kila jioni kwa kuuhurumia ndiko kunakouua.

Usikubali kulipa zaidi kwa sababu umeambiwa unasafisha hewa chumbani. Dai hilo lilianzia kwenye majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Nyumbani kwako, dirisha lililo wazi hufanya kazi kubwa zaidi. Utomvu wake pia una saponini zinazotapisha, basi uweke mbali na mtoto anayetambaa.

Ukiona ua, furahi, maana huja kwa nadra: jeupe lenye ukijani, hufunguka usiku, hunukia, na hudondosha utamu kwenye kikonyo. Chipukizi lililotoa ua halitoi majani mapya tena, lakini usiling'oe. Linaendelea kuwalisha wadogo zake wanaochomoza pembeni.

Wa porini usiung'oe na shina lote. Omba ruhusa ya mwenye eneo, kata kipande chenye chipukizi moja ukingoni mwa zulia, na katikati upaache pajazie. Fanya hivyo Novemba, kabla mvua hazijashika. Kianike kipande kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, ukipande kwenye tuta bila kukizamisha, na umwagilie mara ya kwanza baada ya wiki moja.